Umeajiriwa Maktaba? Anza na Rafu

Mhudumu mpya wa maktaba mara nyingi hupewa ndoo, tambara na funguo, akaambiwa "zungukazunguka uzoee." Sikubaliani na utaratibu huo. Mtu anazunguka mwezi mzima, anajua kila pembe yenye vumbi, lakini msomaji akimuuliza kitabu cha ushonaji anamwelekeza kaunta. Ndiyo maana nimeandika haya, kwa ajili yako uliyeajiriwa juzi, au unayejitolea ukisubiri ajira, katika maktaba ya mkoa, ya wilaya au ya shule.

Mimi nipo maktaba ya umma katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Nilianza enzi za droo za katalogi, yaani orodha ya vitabu vyote vya maktaba, na kadi za mfukoni mwa kitabu, sasa tuna kompyuta. Mengi yamebadilika, ila moja liko palepale: kitabu kilichowekwa pasipo pake kimepotea, hata kama kimo ndani ya jengo. Mkutubi, yaani mtaalamu aliyesomea kazi ya maktaba, anaweza kuwa na shahada mbili na katalogi yake ikanyooka, lakini kama wewe na mimi hatukukirudisha kitabu mahali pake, msomaji ataondoka mikono mitupu. Kwa hiyo tutaanza na rafu, na hapo tutakaa kidogo.

Jifunze kusoma namba

Maktaba zetu nyingi zinatumia mpango wa Dewey, uliotungwa na Mmarekani Melvil Dewey na kuchapishwa mwaka 1876. Maarifa yote yamegawanywa katika makundi kumi, kuanzia 000 hadi 900. Usihangaike kukariri yote. Kariri zile namba ambazo watu wa mji wako wanaziulizia. Kwetu ni hizi: 220 Biblia, 297 Uislamu, 496.392 lugha ya Kiswahili, 510 hisabati, 530 fizikia, 540 kemia, 616 magonjwa, 630 kilimo, 636.5 kuku, 641.5 mapishi, 646.4 ushonaji, 896.392 fasihi ya Kiswahili, 967.8 historia ya Tanzania. Ziandike kwenye kipande cha kadi ukae nacho mfukoni. Baada ya wiki chache hutakihitaji.

Wengi wanaoanza hukwama kwenye nukta. Kati ya 630.15 na 630.2, kipi kinatangulia? Mtu anaona kumi na tano ni kubwa kuliko mbili, anaweka 630.2 mbele. Hapana. Baada ya nukta soma tarakimu mojamoja: huku unaanza na 1, kule unaanza na 2. Moja inatangulia mbili, basi 630.15 inakaa kushoto na 630.2 inafuata kulia kwake. Vivyo hivyo inakuja 967.8, kisha 967.803, kisha 967.82. Chukua vitabu vya rafu moja, vichanganye mezani, vipange, halafu mwite mwenzako mzoefu akague. Rudia mpaka mkono wako uende bila kufikiri. Zoezi hili lina faida kuliko semina nyingi nilizokaa.

Chini ya namba kuna herufi, kwa kawaida tatu za mwanzo za jina la mwandishi. Kwenye 896.392 herufi ndizo zinazokuokoa, maana riwaya, tamthilia na diwani zinaweza kujaa kabati nzima zikiwa na namba moja. Na majina yetu yana mambo. Mwandishi wa pwani anatumia jina lake, la baba na la babu. Wa bara anaweza kutumia la ubatizo na la ukoo. Mwingine leo anatanguliza hili, kesho lile. Wewe fuata lebo iliyo mgongoni mwa kitabu. Ukiona mwandishi mmoja ana vitabu vyenye lebo mbili tofauti, andika namba za vitabu hivyo umpelekee mkutubi aamue. Usifute lebo na kuandika yako kwa kalamu, kwa sababu katalogi itabaki inasema vingine.

Kupanga

Unapanga kutoka kushoto kwenda kulia, juu kwenda chini, unamaliza kabati moja ndipo unahamia la pili. Usijaze rafu mpaka mwisho. Acha robo yake wazi, ili kitabu kinachorudi kesho kipate nafasi bila kusukumwa. Vitabu vikibanana, msomaji anavuta kwa nguvu na mgongo unachanika. Vikilegea, vinalala upande na majalada yanapinda. Kama hamna vizuizi vya chuma, tofali lililofunikwa kwa karatasi ya kaki linafanya kazi hiyo vizuri kabisa.

Tazama sasa namna ya kukitoa kitabu. Karibu kila mtu hutia kidole juu ya mgongo na kukivuta kama anayefungua mlango. Hapo juu ndipo kitabu kinapoanza kufa: ukingo wa mgongo unakatika, kisha kitambaa kinaachia, kisha jalada. Weka vidole kwenye vitabu viwili vilivyo jirani, kulia na kushoto, uvisukume ndani kidogo. Kile unachokitaka kitabaki kimejitokeza. Kikamate katikati ya mgongo kwa kidole gumba na vidole vingine, ukitoe. Ukiwa na msomaji karibu, fanya hivyo polepole ili aone. Watoto wanaiga haraka sana.

Vitabu vilivyotoka mezani jioni usivipeleke rafuni kwa mkumbo. Vipange kwanza kwenye toroli kwa namba, ndipo uanze safari. Kama toroli hamna, panga juu ya meza na ubebe mafungu madogo yanayokaa kwenye mkono mmoja, mkono wa pili ubaki huru.

Kusoma rafu kila asubuhi

Kazi hii haionekani, na ikiachwa wiki mbili maktaba inaharibika. Kabla ya mlango kufunguliwa, simama mbele ya sehemu uliyokabidhiwa, pitisha macho kwenye lebo mojamoja, toa kila kisicho mahali pake. Nusu saa inatosha kwa makabati mawili au matatu. Gawaneni sehemu kwa majina, ziandikwe na kubandikwa ofisini, la sivyo kila mmoja atadhani mwenzake amepita.

Utagundua vitabu havikosewi ovyo. Baadhi vinafichwa. Kidato cha nne wanafanya mtihani wa taifa Novemba, kidato cha sita wanafanya Mei, na wiki za kabla ya hapo vitabu vya kiada vinaanza kuhama. Mwanafunzi anajua nakala ni moja na wanaoitaka ni wengi, hivyo jioni anaitia mahali ambapo mwingine hatafika, ili kesho aikute. Tafuta nyuma ya safu, ambako kitabu kimelazwa kati ya vitabu na ubao. Tafuta juu ya makabati. Tafuta kwenye sehemu zisizotembelewa. Kwetu kitabu cha kemia hupatikana kwenye falsafa.

Ukimjua aliyeficha, usimfokee mbele ya watu. Huyu ni mtoto anayetaka kusoma, na wenye kutaka kusoma ndio tunaowangoja kila siku. Mimi huenda mpaka alipokaa, nainama:

"Mwanangu, kile cha kemia nimekikuta falsafa. Kimefikaje kule?"

"Sijui, mama."

"Haya. Kuanzia kesho kitakaa kaunta. Ukifika mapema unaandika jina, unakaa nacho saa mbili, kisha anapewa mwenzio."

Na kweli kesho kiwe kaunta. Kitabu chochote kinachogombaniwa kitoe rafuni, ukiwekee daftari la zamu. Ukifanya hivyo, kuficha kunapungua kwa sababu hakuna tena haja yake.

Ubaya mwingine ni kuchana kurasa, na hapo mimi si mpole. Ramani zinachanwa, na mitihani iliyopita, na picha za viungo vya mwili. Kila kitabu kinaporudi kaunta kifungue, pitisha kidole gumba kwenye kurasa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Inachukua muda wa kuvuta pumzi mbili. Ukikuta pengo, andika mbele ya aliyerudisha, akiwa bado amesimama pale. Ukingoja mpaka jioni hutakuwa na wa kumuuliza.

Kaunta na umeme

Maktaba zenye kompyuta nyingi zinatumia programu ya Koha, ambayo chimbuko lake ni New Zealand na haina ada ya leseni. Utafundishwa kuazimisha na kupokea vitabu kwa saa chache. Ambacho hutafundishwa ni la kufanya umeme ukikatika na watu saba wamepanga foleni.

Weka daftari la mistari chini ya kaunta, limechorwa tayari: tarehe, namba ya kadi ya mwanachama, namba ya usajili wa kitabu, jina fupi la kitabu, kuazima au kurudisha, sahihi. Umeme ukikata, unaendelea na kazi. Ukirudi, ingiza yote siku hiyohiyo, na kila mstari uliouingiza uwekee alama ya vema. Usiiachie zamu ya kesho. Mstari usioingizwa una maana kwamba mtu amerudisha kitabu na kompyuta bado inamdai. Wiki ijayo atakuja kuitwa mdaiwa mbele ya watu, na kosa si lake.

Muhuri wa tarehe ubadilishe asubuhi kabla ya kitu kingine chochote pale kaunta.

Faini ina mgogoro wake. Kiwango kinapangwa na uongozi, wewe huna mamlaka ya kukipunguza wala kukisamehe, na msomaji atakuona wewe ndiye mkali. Mweleze kwa utulivu, mwonyeshe tarehe, mwandikie risiti au umpe namba ya malipo kadiri ya utaratibu wenu. Pesa ya faini isikae mfukoni mwako hata kwa dakika tano. Ukiona kesi inahitaji huruma, kwa mfano mama aliyekuwa amelazwa, mpeleke kwa mkuu wa maktaba na umsemee.

Swali la kwanza si swali lenyewe

Baadhi ya wakubwa wanasema mhudumu asijibu maswali, amwelekeze msomaji kwa mkutubi. Katika maktaba yenye mkutubi mmoja aliyeko mkutanoni, hilo haliwezekani, na msomaji mwenyewe atamuuliza aliye karibu naye, yaani wewe uliyeshika tambara. Basi jifunze kuuliza.

Siku moja mama mmoja alikuja akasimama kwenye 630 muda mrefu. Nikamwendea.

"Karibu mama. Unatafuta nini nikusaidie?"

"Vitabu vya kilimo."

"Ni mazao au mifugo?"

"Mifugo. Kuku."

"Unaanza kufuga, au unao tayari?"

"Ninao, lakini wanakufa. Wanapinda shingo, wanaharisha kijani."

Sasa tumefika. Kama ningemwachia "vitabu vya kilimo" angeondoka na kitabu cha mahindi. Nilimpeleka 636.5, nikatafuta faharasa mwisho wa kitabu kimoja, tukasoma pamoja sura ya kideri: ni ugonjwa wa virusi, hauna tiba, kinga yake ni chanjo. Halafu nikamwambia aende kwa afisa mifugo wa kata siku ileile, kwa sababu kuthibitisha ugonjwa si kazi yangu. Kazi yangu ilikuwa kufika kwenye ukurasa.

Kanuni ni hiyo kwa kila swali. Uliza maswali mawili au matatu mafupi, yasiyochimba mambo binafsi. Kwa magonjwa ya watu na kesi za mahakamani kuwa mwangalifu zaidi: mwonyeshe rafu, mfungulie faharasa, umwachie asome. Na aliyoyauliza yasitoke nje ya kaunta. Mji wenyewe ni mdogo.

Watu

Siku nyingi wanaojaza viti ni wanafunzi waliokuja na madaftari yao, wakitafuta meza, mwanga na utulivu ambao nyumbani haupo. Baadhi ya wafanyakazi wanawaona wasumbufu kwa sababu hawaazimi kitu. Mimi naona wana haki kamili ya kiti. Ila wazee wa magazeti nao wana haki, kwa hiyo tenga meza ya magazeti na uilinde.

Mzee akishikilia gazeti moja asubuhi nzima, mwendee kwa heshima: "Shikamoo mzee. Kuna mwenzio analisubiri gazeti hili, ukifika mwisho naomba nimpelekee." Ataitikia marahaba, na mara nyingi atalitoa palepale. Ukimnyang'anya, umempoteza msomaji wa kila siku.

Anayelala, mwamshe kwa kugonga meza taratibu, usimguse. Wanaozungumza, nenda mpaka walipo na useme kwa sauti ya chini. Ukipaza sauti kutoka kaunta, wewe ndiye uliyepiga kelele kubwa kuliko wote. Watoto wapeleke sehemu yao, uwape kitabu mkononi kabla ya kuwapa masharti.

Unyevu, wadudu na mkono wa fundi

Pwani adui yetu mkubwa ni unyevu. Kabati lisigusane na ukuta. Acha nafasi ya kupitisha kiganja ili hewa izunguke na uone kama mchwa wamejenga njia zao za udongo. Masika yakikaribia, hamisha vitabu vya ubao wa chini kabisa vilivyo karibu na mlango. Mulika kwa tochi nyuma ya makabati mara moja kwa wiki. Wale wadudu wadogo wa rangi ya fedha wanaokimbia unapofungua kitabu cha zamani wanakula wanga na gundi, na wanapenda mahali penye unyevu na giza, hivyo ukipakausha na kupasafisha wanapungua. Chakula kisiingie chumba cha vitabu, na chai yako pia.

Kitabu kikiloa, una kama siku mbili kabla kuvu hawajaanza. Kisimamishe wima, kifungue kama feni, kivulini, penye upepo au mbele ya pangaboi. Tia karatasi nyeupe kila baada ya kurasa kadhaa na uzibadilishe zikiloa. Usitumie gazeti lenye wino kati ya kurasa, litaacha alama. Jua kali litapindisha jalada na kukausha gundi. Vitabu vya picha vyenye karatasi ya kung'aa vishughulikie mwanzo kabisa, kwa sababu kurasa zikikaukia pamoja hazitaachana tena.

Chenye kuvu kitenge peke yake. Kikikauka kabisa, kitoe nje ya jengo, vaa barakoa, ukipangushe kwa brashi laini ukiwa umesimama upande unakotoka upepo.

Vumbi la kawaida linafutwa kwa kitambaa kikavu, kuanzia rafu ya juu. Kishike kitabu kimefungwa vizuri, futa kingo zake ukianzia mgongoni kwenda mbele. Tambara bichi lifute ubao mtupu tu, na ubao ukauke ndipo vitabu virudi.

Kukarabati ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kwanza, ondoa solotepu kwenye droo yako. Baada ya miaka michache inageuka manjano, inaachia, inabaki uchafu unaonata ambao hakuna atakayeutoa. Kwa ukurasa uliochanika kidogo tumia ukanda wa karatasi nyembamba na gundi nyeupe ya maseremala iliyoongezwa maji kidogo.

Jalada linalocheza, ambalo bado halijatoka, linatengenezwa hivi. Chukua sindano ya kufumia, ile ndefu ya mviringo. Ichovye kwenye gundi, izungushe ili ipakae pande zote bila kudondoka. Simamisha kitabu, fungua majalada kidogo, utaona uwazi mwembamba kati ya mgongo wa jalada na mgongo wa kurasa. Ingiza sindano kwenye pembe ya uwazi huo, upande ulipolegea, ukiizungusha taratibu mpaka gundi ibaki ndani. Geuza kitabu, rudia upande wa chini. Toa sindano, funga kitabu, weka karatasi ya nailoni kati ya jalada na ukurasa wa kwanza ili visigandane. Bonyeza mfereji wa jalada, ule mbonyeo ulio kando ya mgongo, kwa ncha ya sindano hiyohiyo ukiwa umeifuta. Laza kitabu, weka matofali mawili juu yake, kiache mpaka kesho. Kitarudi rafuni kikiwa kigumu, na umekiokoa kabla hakijahitaji fundi.

Mambo haya ni kwa vitabu vya kuazimisha. Kitabu adimu, hati za mkono, au chapa za zamani za Kiarabu na Kiswahili usizitie gundi yoyote. Zifunge kwa karatasi safi na utepe wa pamba, umkabidhi mkutubi.

Maboksi ya msaada

Vitabu vya msaada vitakuja, na wewe ndiye utakayefungua maboksi. Kuwa mkweli katika kuchambua. Utakuta hadithi nzuri za watoto, na utakuta miongozo ya kompyuta zisizokuwepo tena na vitabu vya sheria za kodi za nchi nyingine. Fanya mafungu matatu: vinavyofaa, vya kuulizia, visivyofaa. Mwandikie mkuu wako idadi ya kila fungu na sababu. Rafu yetu ni fupi, na kila kitabu kisicho na msomaji kinakalia nafasi ya chenye msomaji.

Upande wa pili, kuwa mzito kutupa kitabu cha Kiswahili hata kikichakaa. Bodi ya Huduma za Maktaba iliundwa kwa sheria ya 1963, na Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967. Kati ya vitabu vilivyonunuliwa miaka ile kwa ajili ya mikoa na elimu ya watu wazima, vingi havijachapishwa tena. Ukikuta kijitabu cha ufugaji nyuki au cha kumbukumbu za wilaya chenye muhuri wa zamani, kitenge na uulize kwanza.

Mwili wako na karatasi zako

Kazi hii inaumiza mgongo, magoti na kifua. Kwa ubao wa chini, tumia kigoda; usiiname saa nzima. Kwa ubao wa juu, tumia ngazi na mwenzako aishike, usipande kiti cha plastiki. Omba barakoa na glavu kwa maandishi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, na hutakuwa unaomba hisani. Ukiumia kazini, hakikisha tukio linaandikwa siku hiyo, kwa sababu madai ya fidia kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi yanategemea taarifa iliyotolewa kwa wakati.

Linaloniuma zaidi ni vijana wanaofanya kazi mwaka baada ya mwaka bila karatasi yoyote. Wanafungua mlango, wanapanga, wanafunga jioni, na wakiomba kazi kwingine hawana cha kuonyesha. Kama umeajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya ajira kwa maandishi: cheo, kazi, saa, malipo. Kama unajitolea, omba barua inayosema tangu lini, sehemu gani, unafanya nini. Iombe mapema, ukiwa bado mnaelewana vizuri, na utoe nakala.

Usikubali pia kuhesabiwa mfagizi tu. Kufagia ni kazi halali na sote tunaifanya, lakini kama maelezo ya kazi yako yanataja kupanga, kuazimisha na kukarabati, basi taarifa zako zitaje hayo. Weka daftari dogo. Kila jioni andika mstari mmoja: rafu zilizosomwa, vitabu vilivyokarabatiwa, maswali yaliyojibiwa, vitabu vilivyopatikana baada ya kupotea. Watumishi wa umma sasa wanapimwa kupitia mfumo wa kompyuta wa PEPMIS uliochukua nafasi ya fomu za OPRAS, na wengi wanapofika kujaza hawakumbuki walichofanya mwezi uliopita. Wewe utafungua daftari.

Daftari hilo ndilo litakalokusaidia ukitaka kusoma. Chuo cha ukutubi na uhifadhi wa nyaraka kiko Bagamoyo, chini ya Bodi, na kinatoa astashahada na stashahada. Kabla ya kuomba, angalia sifa za mwaka huo, maana hubadilika, hasa ufaulu wa kidato cha nne. Wenye cheti kilichokosa somo moja wanaweza kurudia mtihani kama watahiniwa wa kujitegemea, na kwa kuwa unafanya kazi maktaba, vitabu unavyo na meza unayo; baki saa moja baada ya kufunga, kwa ruhusa ya mkuu wako.

Barua ya kuomba ruhusa ya masomo iandike mapema kabla ya bajeti ya mwaka kupangwa, ipitie kwa mkuu wa maktaba, ambatisha kurasa za daftari lako zilizopigwa chapa, na nakala yenye muhuri wa kupokelewa ubaki nayo nyumbani.